Darubini ya lenzi ya mm 70: fupi ya 400, ya kati ya 700, au ndefu ya 900?

Ukitafuta darubini ndogo ya kubeba ukiwa Unguja au Pemba, iwe ya kuagiza Dar es Salaam au ya kuletewa na jamaa aliye safarini, utajikuta mbele ya maboksi matatu yanayofanana. Zote tatu zina lenzi ya mbele yenye kipenyo cha mm 70. Kinachozitenga ni namba ya pili: 400, 700 au 900. Wengine huiandika 70/400, wengine huiunganisha ikawa 40070. Namba hiyo ni urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi ya mbele hadi pale nuru inapokusanyika ikawa picha. Muuzaji atakwambia kubwa ndiyo yenye nguvu. Usimkatalie wala usimkubalie mpaka ujue namba hiyo inabadilisha nini na haigusi nini.

Vigezo kabla ya boksi

Mambo mawili hayaguswi kabisa na urefu wa fokasi. La kwanza ni nuru: lenzi ya mm 70 hukusanya nuru mara 100 ya mboni ya jicho iliyofunguka mm 7, bomba liwe fupi au refu. La pili ni upambanuzi wa vitu vidogo vilivyokaribiana. Kwa kipenyo hiki mpaka ni kama sekunde 1.7 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya nyuzi), na hakuna bomba refu litakaloupunguza. Ndiyo maana ukuzaji wenye maana huishia kwenye mara 140 hivi, mara mbili ya kipenyo. Boksi la 900 likijisifu "mara 675", mtengenezaji amechukua 900, akagawa kwa lenzi ya jichoni ya mm 4, akazidisha kwa Barlow (lenzi ya ziada ya kuongeza ukuzaji) ya mara tatu. Hesabu ni sahihi. Utakachoona ni ukungu mkubwa.

Mambo yanayobadilika, na ambayo tutazipimia zote tatu, ni haya: ukuzaji na upana wa anga unaouona kwa mara moja, rangi ya zambarau inayozingira vitu ving'aavyo, aina ya lenzi za jichoni inazozivumilia, na mwisho urefu wa bomba, ambao ndio unaoamua utaibebaje na tripodi gani itaimudu. Kwa visiwa vyetu hilo la mwisho lina uzito kuliko vitabu vya nchi za baridi vinavyolichukulia.

Ukuzaji ni kugawa tu: urefu wa fokasi wa darubini kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jichoni. Kwa lenzi za kawaida zenye uwanja wa nyuzi 50 (upana wa dirisha jicho linaouona), ukigawa 50 kwa ukuzaji unapata upana wa anga. Uwiano wa fokasi ni urefu wa fokasi uliogawiwa kwa kipenyo. Hesabu zinakuja hivi:

| | 70/400 | 70/700 | 70/900 |
|---|---|---|---|
| Uwiano wa fokasi | 5.7 | 10 | 12.9 |
| Kwa lenzi ya mm 25 | mara 16, nyuzi 3.1 | mara 28, nyuzi 1.8 | mara 36, nyuzi 1.4 |
| Kwa lenzi ya mm 10 | mara 40, nyuzi 1.25 | mara 70, nyuzi 0.7 | mara 90, nyuzi 0.55 |
| Nyota hukatiza uwanja wa mm 10 kwa | dakika 5 | dakika 3 | dakika 2 na kidogo |

Mwezi mpevu una upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo kwenye 900 yenye lenzi ya mm 10 unajaza dirisha lote, na kwenye 400 unabaki na nafasi pande zote.

Za 500 zipo pia. Zihesabu upande wa fupi.

70/400: ya mkoba na anga pana

Bomba lake halifiki nusu mita. Linaingia kwenye mkoba wa mgongoni pamoja na tripodi ndogo, linapakatwa kwenye daladala ya Makunduchi bila kumchoma mtu ubavu, na kwa ndege ndogo ya kwenda Chake Chake unaingia nalo ndani. Msafiri wa boti ya Mkoani atalilaza mapajani safari nzima, mbali na maji ya chumvi na mizigo ya watu.

Anga lake ndilo sifa kubwa. Kwa lenzi ya mm 25 Kilimia chote kinakaa ndani na giza limekizunguka, kama kinavyopaswa kuonekana. Nebula ya Orioni, lile wingu la gesi kwenye kundi la nyota la Orioni, ambayo kwa latitudo zetu hupita karibu kabisa na utosi (mwanzoni mwa Februari inafika juu kiasi cha saa tatu na robo usiku), inaonekana pamoja na majirani zake. Usiku huohuo, ukiwa Kizimkazi au Makunduchi ambako kusini ni bahari tupu, Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani yetu, liko kiasi cha nyuzi 27 juu ya maji. Ni pana mno kwa darubini yoyote, lakini hii ndiyo itakayolizungukia bila kupotea.

Tena iko kazi ambayo visiwani ina wateja wengi kuliko sayari: kuutafuta mwezi mwandamo. Hilali ya siku ya kwanza ni uzi mwembamba kwenye anga bado jeupe, na tatizo siyo udogo wake bali kujua ipo wapi. Uwanja wa nyuzi 3 unakupa pahala pa kupekua. Uwanja wa nusu nyuzi haukupi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, mwezi huteremka karibu wima juu ya pale jua lilipozamia, basi anzia hapo, panda polepole moja kwa moja, kisha pekua kidogo kushoto na kulia. Fokasi iwekwe mapema kwa kitu cha mbali, kwa mfano taa ya meli kwenye upeo, maana kwenye anga tupu jicho halina cha kulilinganishia. Na jua lizame kabisa kwanza, lisibaki hata ukingo. Sekunde moja ya jua ndani ya darubini inatosha kuharibu jicho moja kwa moja. (Ubishi wa mwandamo wa ndani na wa nje, darubini haina fatwa.)

Mchana pia ndiyo inayotumika zaidi. Ukiitia prizimu ya nyuzi 45 inayosimamisha picha, unasoma majina ya majahazi kutoka Forodhani, au unawatazama popo wa Pemba wakining'inia Kidike bila kuwasogelea. Usizidishe mara 30 au 40 mchana: hewa ya moto juu ya maji hutetemesha kila kitu.

Sasa kasoro zake. Ukingo wa mwezi, Zuhura na Mshtarii vitavaa zambarau. Kanuni ya zamani ya lenzi mbili za kioo inataka uwiano wa fokasi usipungue mara tatu ya kipenyo kilichopimwa kwa inchi. Mm 70 ni inchi 2.76, kwa hiyo mpaka ni kama 8.3, nayo hii ina 5.7. Barlow itaongeza ukuzaji lakini zambarau haiondoki, kwani kosa limeshafanyika kwenye lenzi ya mbele. Lenzi za jichoni za bei ya chini, zile zenye herufi H au SR, kwenye uwiano huu hutoa picha yenye kati safi na kingo zilizovurugika. Weka fungu la Plössl mbili (aina bora zaidi ya lenzi za jichoni), ya mm 25 na ya mm 10 au 8. Fokasi nayo ni kali. Nafasi ya kukosea ni ndogo karibu mara tano kuliko kwenye 900, na gurudumu la plastiki lenye mchezo litakukasirisha kila usiku.

Inamfaa anayesafiri, anayetafuta hilali, mpenda ndege na bahari, na anayeishi penye giza. Anayetaka pete za Zohali kubwa na safi ataiona ndogo.

70/700: ya kati, isiyo na mashabiki

Hii haisifiwi sana kwa sababu haina jambo moja la kujitangazia. Uwiano wake wa 10 umevuka ule mpaka wa 8.3, hivyo zambarau ipo kidogo ukiitafuta kwenye Zuhura, na kwenye mwezi wengi hawaioni. Kwa mara 70 unapata mikanda miwili ya Mshtarii na miezi yake minne, na pete za Zohali zikiwa zimejitenga na sayari. Pete hizo zilitugeuzia ukingo mwaka 2025 zikawa kama sindano. Zinafunguka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo anayenunua sasa amekuja wakati mzuri. Jozi ya Alpha Centauri, nyota mbili ambazo kwa macho huonekana moja, inaachana bila tabu.

Upande wa anga pana inajitahidi: nyuzi 1.8 zinamezea Kilimia, kwa kubana. Omega Centauri, lile fundo la nyota ambalo Ulaya wengi hawalioni kabisa, mwanzoni mwa Juni saa tatu usiku liko nyuzi 48 juu yetu, na kwa mara 28 hadi 50 ni kama vumbi la unga lenye mng'ao katikati. Kwa hilali inawezekana, lakini ujue kwanza mwezi utakuwa upande gani wa jua na kwa kimo gani.

Bomba ni kama sm 70. Linabebeka kwenye bodaboda likifungwa kwenye mfuko wake na kuvaliwa mgongoni, siyo kupachikwa nyuma ya kiti. Lenzi za jichoni za kawaida zinaridhisha hapa, na fokasi haina ukali wa fupi.

Inafaa skuli yenye darubini moja kwa vipindi vya sayansi, na familia ambayo haijajua bado itapenda nini. Udhaifu wake mkubwa hauko kwenye kioo. Uko kwenye miguu, ambayo tunaifikia.

70/900: ya mwezi na sayari, ikae pahala pamoja

Ukiondoa mambo yote na kubakisha kioo tu, hii inatoa picha safi kuliko wenzake kwa sayari. Uwiano wa 12.9 unaifanya zambarau karibu isionekane, hata lenzi za jichoni za bei rahisi zinafanya kazi ya kuheshimika, na fokasi ina nafasi ya kusamehe. Unafika mara 90 kwa lenzi ya mm 10 ambayo haikubani jicho, wakati fupi ingehitaji lenzi ya mm 4 au 5, zile ambazo lazima ugande kope zako juu yake. Wavaa miwani wanalijua hilo.

Taa za mji haziisumbui kwa kazi yake. Mwezi na sayari zinang'aa vya kutosha hata ukiwa Michenzani au juu ya sakafu ya nyumba ya Mji Mkongwe, na mm 900 huzikuza bila kuhitaji giza la Makangale. Angalizo moja: paa la mabati au sakafu ya saruji iliyopigwa na jua kutwa hupumua joto mpaka saa tatu au nne usiku, na sayari itachemka kama imo ndani ya sufuria. Sogea kwenye ua wenye majani au subiri.

Kwa anga pana ni finyu: Kilimia kinagusa kingo, Mawingu ya Magellan unaona vipande. Hilali bila kujua pahala pake ni kubahatisha. Kwa mchana ni nzito na bomba lake refu hushika upepo.

Na urefu huo ndio gharama yake ya kweli. Bomba la sm 90 haliingii mizigo ya mkononi ya ndege, kwenye daladala linahitaji kiti chake, na ukiligonga mlangoni lenzi zinaweza kuhama. Nyota ikitolewa kidogo nje ya fokasi halafu mviringo wake ukaonekana umekaa upande mmoja, ndiyo dalili.

Miguu ndiyo inayoamua

Darubini nyingi za aina hii huharibiwa na tripodi kuliko kioo. Ile ya alumini nyembamba iliyomo kwenye boksi inaweza kuimudu 400. Ikibebeshwa 900 hutetemeka kila ukigusa fokasi, kwa sababu mbili zinazozidishana: bomba refu lina mkono mrefu wa kuyumba, na ukuzaji mkubwa hukuza mtetemo uleule. Jaribu hivi: elekeza kwenye kitu cha mbali, gonga bomba kwa kidole, hesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde mbili, nzuri. Ikizidi nne, upepo wa Kusi pale Paje au Jambiani hautakuachia uone kitu.

Tiba za gharama ndogo zipo. Usirefushe miguu yote; keti kwenye kiti kifupi. Ning'iniza dumu la maji la lita 5 katikati ya tripodi, likiwa karibu kugusa chini lisije likabembea. Kwenye mchanga, tia kifuu cha nazi chini ya kila mguu, mgongo juu, miguu isizame taratibu huku unatazama. Jikinge na ukuta au ua wa makuti.

Kisha kuna suala la utosi. Kwetu vitu vizuri hupita juu kabisa ya kichwa, na hapo ndipo bomba refu linapogonga miguu ya tripodi, jicho likashuka hadi usawa wa goti. Vile vichwa vya tripodi vya umbo la uma, vyenye fimbo ya marekebisho ubavuni, hukwama kabla ya kufika. Kabla ya kulipa, elekeza bomba juu wima na ulizungushe duara zima. Ikigonga, kumbuka Orioni utaikosa ikiwa kwenye kilele chake, labda uitazame saa moja au mbili kabla au baada. Fupi karibu haina shida hii. Kioo cha pembe cha nyuzi 90 ni lazima kwa zote tatu, la sivyo utatazama umelala chini.

Usishawishike na boksi lenye kichwa cha ikweta, kile chenye mzani wa chuma na mhimili wa mshazari. Mhimili huo lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, na kimo cha ncha ni sawa na latitudo ya mtu. Kwetu ni nyuzi 5 hadi 6, karibu kulala. Vichwa vidogo vingi havishuki hivyo, au vikishuka mzani hugonga mguu. Nyota ya kaskazini nayo kwetu iko chini ya upeo, na ya kusini ni hafifu na imezama kwenye ukungu wa upeo. Kichwa cha kawaida cha juu-chini na kushoto-kulia, chenye nguvu, kinakufaa zaidi.

Ukiwa dukani, na ukishaileta nyumbani

Angalia kwamba mm 70 ni 70 kweli. Baadhi ya darubini fupi za bei ya chini huwa na pete ndani ya bomba inayobana lenzi ili kuficha kasoro. Weka fokasi kwa kitu cha mbali, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi ya jichoni, shika karatasi mbele ya lenzi kubwa, pima duara la nuru. Likiwa na sm 5 badala ya 7, umeuziwa nusu ya nuru. Pima pia mdomo wa lenzi za jichoni: uwe mm 31.7, ambao ndio wa kawaida, mm 24.5 ni wa kizamani na vipuri vyake ni taabu. Zambarau ijaribu mchana kwa ukingo wa kuti dhidi ya anga jeupe, jua likiwa mgongoni kwako.

Kichujio kidogo cha jua cha kufunga kwenye lenzi ya jichoni kitupe. Hupata moto wa nuru yote iliyokusanywa na huweza kupasuka jicho likiwa hapo. Kichujio cha jua hufunika lenzi ya mbele.

Adui mkubwa hapa ni unyevu na chumvi, vinavyoleta kuvu kama nyuzi za buibui kwenye kioo. Fupi ina faida: inaingia nzima kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana pamoja na paketi za silika, za kukausha upya zinapobadilika rangi. Kwa 700 na 900 toa kioo cha pembe na lenzi za jichoni uziweke kwenye ndoo, bomba uliache kwenye chumba chenye hewa, siyo kabatini. Mchele usiutumie, una vumbi. Chembe za chumvi pulizia kwa mpira wa kupuliza kwanza. Ukifuta kikavu unazisaga juu ya kioo. Umande ukianguka, karatasi ya manila iliyoviringishwa kama bomba, yenye urefu wa sm 10, mbele ya lenzi inausogeza mbali kwa saa kadhaa.

Kwa hali yako

Unaishi mjini, una ua au sakafu ya juu, na unachotaka ni mwezi na sayari: 900, mradi ubajeti tripodi nzito. Bila tripodi hiyo, 700 itakuonyesha zaidi kuliko 900 inayotetemeka.

Unaishi Konde, Micheweni au Makunduchi penye giza, au kila mwezi unapanda boti: 400 na Plössl mbili.

Kamati au msikiti unaotaka chombo cha kutafutia hilali: 400, yenye kilengeo cha nukta nyekundu kilichonyooshwa mchana kwa mnara au mnazi wa mbali.

Skuli yenye watoto arubaini kwenye mstari: 700 kwa mara 28 hadi 35. Ukizidisha hapo, kitu kitakuwa kimeshatoka uwanjani mtoto wa nne anapofika, na mwalimu atashinda anakirudisha.

Mwenye darubini mbili-macho za 10x50 tayari: 400 itampa kidogo sana asichonacho, aanzie 700. Asiye na chochote na bado anasitasita, ajiulize tu atakuwa amesimama wapi usiku wa kwanza, na amefikaje hapo.